Chui wa bustani ya wanyama anatembea mstari uleule kutwa nzima. Ana nini?

#1 Mwenda Pole

Wadau, habari za jioni.

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu wa miaka 6 kwenye bustani kubwa ya wanyama ya jiji, ile ambayo ukipewa ramani unahitaji mtu wa kukusaidia kuikunja tena. Mpango ulikuwa tuzunguke pote: tembo, viboko, nyani, nyoka, ndege. Tukaishia kukaa dakika 40 mbele ya chui mmoja.

Huyo chui alikuwa anatembea tu. Anaanzia kwenye gogo, anapita kando ya kioo, anafika kwenye jiwe jeupe, anageuka, anarudi kwenye gogo. Akifika kwenye jiwe anatangulia kugeuza kichwa, mwili unafuata, na mguu wa mbele unakanyaga palepale ulipokanyaga mara iliyopita. Majani yamekufa kwenye njia yake, imebaki ardhi tupu kama njia ya kisimani. Watu wanakuja, wanapiga picha, wanasema "ona anavyotuvizia", wanaondoka.

Mtoto akaniuliza: "Mjomba, amepoteza nini?"

Nikababaika. Nikamwambia anafanya mazoezi. Hakuniamini, na mimi mwenyewe sikujiamini.

Sasa nauliza hapa: yule mnyama anaumwa, ana njaa, amechoka kufungiwa, au ndivyo walivyo na mimi ndiye mshamba?

#2 Sungura Mjanja

Anatafuta geti. Uzi ufungwe.

#3 Kalamu Nyekundu

Kabla hatujaenda mbali. Alikuwa na madoa au milia?

#4 Mwenda Pole

Milia mkuu. Myeusi juu ya rangi ya chungwa.

#5 Kalamu Nyekundu

Basi si chui. Huyo ni chui milia, wengine humwita simbamarara. Chui ni yule wa madoa, mnyama mwingine kabisa. Sisemi hivi kwa ubishi. Jibu la swali lako linategemea hilo. Chui wa madoa hujibanza hata pembezoni mwa miji mikubwa watu wasijue kama yupo. Chui milia jike wa Siberia anaweza kuhitaji eneo la kilomita za mraba 400 hivi peke yake, na dume zaidi ya hapo. Ukishajua hilo, ule mstari wa kutoka gogo hadi jiwe unauangalia kwa jicho jingine.

#6 Sungura Mjanja

Kilomita za mraba 400 na bado anatafuta geti.

#7 Bibi Darubini

Hili swali limefanyiwa kazi. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Oxford, Ros Clubb na Georgia Mason, walichapisha matokeo yao kwenye jarida la Nature. Walilinganisha wanyama walao nyama wa aina nyingi waliofungiwa, wakajiuliza: ni wapi wanaotembeatembea hivi zaidi, na kwa nini? Wengi tungedhani ni wale wawindaji hodari, kwamba anayenyimwa kuwinda ndiye anayehangaika. Haikuwa hivyo. Kilicholingana na kuhangaika ni ukubwa wa eneo ambalo mnyama wa aina hiyo huzunguka porini. Wazururaji wakubwa ndio waliotembea sana vizimbani, na ndio waliopoteza watoto wengi zaidi.

Dubu wa barafu ndiye alikuwa mfano mbaya kuliko wote. Kizimba chake cha kawaida ni kama sehemu moja ya milioni ya eneo lake la porini. Someni tena: moja ya milioni.

Kwa hiyo mwenye uzi, mwambie mpwa wako kwamba hajapoteza kitu kimoja. Amekosa umbali.

#8 Funguo Tatu

Bibi Darubini heshima yako, ila mimi nimefanya kazi ya kulisha wanyama miaka 11, minne kati ya hiyo kwa paka wakubwa. Naomba niulize swali la kijinga: mwenye uzi, ulikuwa pale saa ngapi?

#9 Mwenda Pole

Saa 5 asubuhi hadi saa 6 kasoro.

#10 Funguo Tatu

Na wanakula saa ngapi?

#11 Mwenda Pole

Sijui. Kibao kilikuwa na habari za meno na uzito tu.

#12 Funguo Tatu

Hapo ndipo penye jibu. Kwetu walikula saa 9 alasiri. Kuanzia saa 7 walikuwa wanasaga lami. Wanajua magurudumu ya toroli la nyama, wanajua mlio wa funguo, wanajua hata mwendo wa mlishaji: nikipita mimi wanainuka, akipita fundi bomba hawageuzi sikio. Nilijaribu siku moja kuvaa viatu vya fundi. Walinicheka, kama paka anaweza kucheka.

Tukaja kubadili saa. Leo asubuhi, kesho jioni, kesho kutwa nyama imefichwa juu ya mti. Yule jike aliyekuwa anazunguka zaidi akapunguza sana mizunguko ya mchana. Sisemi aliacha.

Jambo jingine ambalo wageni hawalijui: mahali pengi paka wakubwa hawalishwi kila siku. Kuna siku ya kufunga, kwa sababu porini nako hawali kila siku. Mgeni akimkuta siku hiyo anasema "wanawatesa njaa".

#13 Chaza

Kwa hiyo walio kwenye mfungo wanatembea zaidi. Nawaelewa kabisa.

#14 Pweza wa Kina

Mnakumbuka Gus? Dubu wa barafu wa bustani ya Bronx, New York. Mwaka 1994 alikuwa gumzo kwa sababu alikuwa anaogelea umbo la namba nane, saa nyingi kila siku, mzunguko uleule. Wakampa Prozac, dawa ya sonona ya binadamu, akapona. Kwa hiyo ni ugonjwa wa akili na una dawa.

#15 Kalamu Nyekundu

Umekosea mawili, #14. Gus alikuwa Central Park Zoo, ambayo ni ndogo na ipo katikati ya Manhattan. Bronx Zoo ni nyingine, kubwa zaidi, ilifunguliwa 1899. Pili, dawa haikuwa peke yake. Alitafutiwa mkufunzi wa wanyama, akawekewa vitu vya kuchezea, samaki wakagandishwa ndani ya barafu ili afanye kazi kuwapata. Mizunguko ilipungua. Kusema "akapona" ni kumpa sifa daktari kwa kazi ya samaki.

#16 Pweza wa Kina

Nimekubali la Central Park. La samaki bado. Kama mtu ana sonona ukampa dawa na kazi kwa pamoja, utajuaje kipi kimemtibu?

#17 Bibi Darubini

Hapo #16 umeuliza vizuri, na ndiyo sababu sipendi mfano wa mnyama mmoja. Gus aliishi hadi 2013, akiwa na miaka 27, na mpaka leo kila mwenye hoja yake humtumia yeye.

#18 Nondo

Nyote mnasahau pua.

Chui milia hatembei kama sisi tunavyotembea. Anasoma barua. Anarushia mkojo kwa nyuma kwenye mti, kwenye jiwe, kwenye ukuta, halafu anarudi kukagua kama kuna aliyejibu. Kama jirani yake ni dume, au ni jike aliye kwenye joto, atapita hapo mara mia. Jike hurudi kwenye joto kila baada ya wiki chache akiwa hana mimba. Ukifika wiki hiyo unamkuta dume kama mwendawazimu, wiki inayofuata amelala chali.

Ninajua habari ya kurusha kwa nyuma kwa sababu ilinipata. Nilikuwa mbele kabisa kwenye uzio wa waya, siyo kioo. Akanigeuzia mgongo, nikafikiri amenidharau, nikainua simu nimpige picha. Mkia ukainuka. Shati lile halikurudi tena kabatini.

#19 Sungura Mjanja

Umejibiwa barua kwa mkono.

#20 Chaza

#18 harufu yake ikoje? Nauliza kwa ajili ya elimu.

#21 Nondo

Usicheke. Ukiacha ule ukali wa mwanzo, kuna kitu kama wali wa basmati unaoiva. Nilidhani ni mimi tu, kumbe kinajulikana: kemikali ileile ya basmati imo kwenye alama ya chui milia. Na kuna mnyama wa Asia anaitwa binturongi, huyo ananukia bisi. Ukipita banda lake utatafuta muuzaji.

#22 Kipanga Mzee

Hodi uzini. Nimesoma kuanzia juu. Nina neno kwa wanaosema kutembea mstari mmoja ni dalili ya kufungwa.

Heini Hediger, Mswisi aliyeongoza bustani za Bern, Basel na Zürich, alikuwa akisisitiza jambo moja linalowaudhi wengi: mnyama wa porini naye hayuko huru kama tunavyomdhania. Ana mipaka yake, ana pa kulala, pa kunywa, pa kujikuna, na ana njia zake anazozifuata siku nenda rudi. Kiboko ana njia ya kwenda malishoni iliyochimbika kama mfereji. Tembo wana barabara za vizazi na vizazi. Ukimkuta mnyama anapita njia moja porini unaiita desturi. Ukimkuta anapita njia moja bustanini unaiita kichaa. Njia ni ileile.

Sisemi chui wa mwenye uzi ni mzima. Nasema njia iliyokatika majani si ushahidi peke yake.

#23 Bibi Darubini

Mzee shikamoo. Kiboko anafuata njia kwa sababu mwisho wa njia kuna majani ya kula. Chui milia wa mwenye uzi anapofika mwisho wa njia anakuta jiwe.

#24 Kipanga Mzee

Marahaba mwanangu. Umejuaje kwamba jiwe si kitu kwake?

#25 Funguo Tatu

Hahaha, mzee amejificha nyuma ya jiwe.

#26 Mlinzi wa Zamu

Mimi nina kisa kimoja, mtakipangia ninyi.

Miaka mingi iliyopita niliona dubu aliyetolewa kwenye sarakasi ya kuzunguka miji, akahamishiwa mahali penye uwanja mpana, miti, kidimbwi, kila kitu. Yule dubu alikuwa na uwanja wote ule lakini alikuwa anatembea hatua nne. Nne mbele, anageuza shingo, nne nyuma. Kipimo cha gari alilolelewa ndani yake. Mhudumu aliniambia yuko pale mwaka wa tatu.

Tangu siku ile, nikimwona mnyama anatembea hivyo sijiulizi kizimba hiki kina ubaya gani. Najiuliza alitoka wapi. Huenda tunalaumu nyumba mpya kwa kosa la nyumba ya zamani.

#27 Mwenda Pole

Daah. Hii ya hatua nne imenikaa.

#28 Pweza wa Kina

Nakazia #26. Na siyo miguu tu. Twiga hulamba. Kuna twiga wa bustani wanaolamba chuma, mbao, ukuta, kutwa. Ulimi wa twiga una sentimita 45 hivi, umeumbwa kuzungushwa kwenye miiba ya mgunga kwa saa nyingi. Ukimletea majani yaliyokatwa tayari kwenye beseni anamaliza mapema, ulimi unabaki bila kazi. Tembo wanatikisa kichwa. Gorila wengine wanatapika chakula na kukila tena, mbele ya familia yako, wewe ukiwa umeshika aiskrimu.

#29 Chaza

Asante kwa picha hiyo. Nilikuwa nakula.

#30 Nyuki wa Jioni

Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni sisi. Watu. Kelele, kugonga kioo, kupiga miluzi, kumulika simu. Aprili 2020, wakati bustani zimefungwa kwa sababu ya korona, panda wawili wa Ocean Park, Hong Kong, Ying Ying na Le Le, walipandana wenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka kama 10 ya watunzaji kujaribu kuwakutanisha. Walikuwa wanahitaji faragha tu. Muulizeni chui wenu usiku kama anatembea.

#31 Kalamu Nyekundu

Kisa ni cha kweli, ila Aprili ni msimu wao wa kupandana kwa vyovyote vile. Kwamba watu hawakuwepo ni kweli. Kwamba ndiyo sababu, hapo unavuta kamba.

#32 Nyuki wa Jioni

Misimu 10 iliyopita nayo ilikuwa na Aprili, mkuu.

#33 Kalamu Nyekundu

Sawa. Hapo umenibana kidogo.

#34 Funguo Tatu

Upande wangu: sokwe mtu mmoja tuliyekuwa naye alinyong'onyea mageti yalipofungwa kwa ukarabati. Alikuwa anakwenda kioo cha wageni kila asubuhi, anakaa, anangoja. Mmoja anachoshwa na watu, mwingine watu ndio televisheni yake. Usiwaweke kapu moja.

Ila kugonga kioo acheni. Na gorila msimkazie macho. Kwake macho makavu ni ugomvi. Mwaka 2007 kule Rotterdam dume aitwaye Bokito aliruka handaki la maji akamjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa akija mara kwa mara kumtazama usoni na kumchekea. Mama yule aliamini gorila naye anamchekea. Baadaye kukatengenezwa miwani ya karatasi iliyochorwa macho yanayotazama pembeni, wageni wavae wakiwa mbele ya gorila.

#35 Sungura Mjanja

Hiyo miwani iletwe vikao vya familia.

#36 Nyuki wa Jioni

Kwa hali hii mimi nasema zifungwe zote. Detroit walifanya hivyo kwa tembo: mwaka 2004 wakatangaza baridi ya kwao haiwafai, mwaka uliofuata Winky na Wanda wakahamishiwa hifadhi ya California yenye nafasi na jua. London nao waliwahamisha tembo wao mwaka 2001 kutoka katikati ya jiji hadi Whipsnade, bustani yao ya mashambani. Wenye nyumba wenyewe wamekiri.

#37 Kipanga Mzee

Ukifunga zote, choroa wa Arabuni ungempata wapi? Alikwisha porini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kundi lililokusanywa Phoenix, Marekani, miaka ya 1960 ndilo lililozaa wale waliorudishwa Oman mwaka 1982. Kondori wa California walibaki 27 duniani, wakakamatwa wote kufikia 1987, wakapelekwa bustani za San Diego na Los Angeles. Leo wanaruka.

#38 Nyuki wa Jioni

Na kwaga, yule jamii ya punda milia, wa mwisho alifia bustanini Amsterdam mwaka 1883, na hakuna aliyetambua siku hiyo kwamba ndiye wa mwisho. Njiwa Martha, wa mwisho wa aina yake, alifia bustani ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Bustani inaokoa, na bustani inatazama mtu anakata roho.

#39 Kipanga Mzee

Martha hakumalizwa na bustani. Walimalizwa na bunduki.

#40 Chaza

Wakati wakubwa wanapambana, mimi nina swali langu dogo. Ni kweli yule tembo Jumbo wa London alipewa jina la Kiswahili?

#41 Pweza wa Kina

Ndiyo, linatokana na "jambo". Au "jumbe". Au "jumba" kwa ukubwa wake.

#42 Kalamu Nyekundu

Umetaja matatu, la kweli haliwezi kuwa yote. Jumbo alikamatwa akiwa mtoto upande wa Sudan, si pwani yetu. Akapita Paris, akafika London mwaka 1865. Na Waingereza walikuwa wakilitumia neno hilo kwa mtu mzito, mnene, asiye na wepesi, tangu miaka ya 1820, kabla tembo huyo hajazaliwa. "Jumbe" na "jambo" hutajwa sana, lakini hakuna aliyeonyesha njia lilikopita. Mwaka 1882 akauzwa kwa Barnum wa sarakasi, watoto wa London wakaandika barua kwa malkia kumzuia, haikusaidia. Mwaka 1885 akagongwa na treni Ontario, Kanada.

#43 Sungura Mjanja

Yaani hata tembo tulimpoteza kwenye etimolojia.

#44 Kipanga Mzee

Mimi bado nasema jumbe. Tembo mkubwa utamwitaje?

#45 Kalamu Nyekundu

Mzee, utamwita tembo.

#46 Nondo

Turudi kwenye njia. Philadelphia waliona kwamba paka wakubwa wanataka kutembea, wakaamua: basi watembee. Mwaka 2014 walifungua njia ya wavu inayopita juu ya vichwa vya wageni, simba na chui milia wanatoka banda hadi banda, wanabadilishana. Kila mmoja anakuta harufu ya mwenzake aliyetoka. Hawakuongeza ukubwa wa kizimba sana. Waliongeza barua za kusoma.

#47 Bibi Darubini

Au waliongeza umbali, #46. Mfano wako unanisaidia mimi pia.

#48 Funguo Tatu

Na mimi unanisaidia. Wakibadilishana mabanda hawajui nyama itakuja wapi.

#49 Chaza

Hii njia ya wavu inafaa kila mtu kama suti ya kukodi. Ila mgeni anayepita chini, na yule anarusha kwa nyuma...

#50 Nondo

Usinikumbushe.

#51 Pweza wa Kina

Nje ya mada kidogo: mnajua heroe wakiwa wachache hawatagi? Wanataka umati. Bustani nyingine huwawekea vioo wajione wengi. Na wekundu wao ni wa chakula; ukiwanyima rangi hiyo kwenye chakula wanapauka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 dubu wa barafu wa San Diego waligeuka kijani, mwani umeota ndani ya nywele zao zenye uwazi. Chumvi ikawasafisha.

#52 Mlinzi wa Zamu

Kijani ningelipa tiketi mara mbili.

#53 Mwenda Pole

Wadau nimerudi. Na nimerudi kule pia.

Jumanne, mvua. Mpwa wangu alikataa kubaki nyumbani, akachukua penseli na karatasi ahesabu. Tulifika saa 4 asubuhi. Mbele ya kioo tulikuwa watu wanne na miavuli. Kila chui milia akigusa jiwe, mtoto anachora kijiti. Dakika 10, vijiti 22. Kwa hiyo Nyuki wa Jioni, kelele hazikuwepo na bado alitembea.

Saa 5 akapita mhudumu na ndoo. Nikamuuliza yote mliyonituma:

Chakula ni saa 8 mchana, lakini siku ile haikuwa siku ya kula. Jirani ni jike, alikuwa kwenye joto wiki mbili zilizopita, sasa ametulia. Dume huyu alikuja akiwa na miaka 9 kutoka mahali pengine. Mhudumu hakufanya kazi kule, hajui banda lilikuwaje. Nikamuuliza: wewe unafikiri ana nini? Akasema, "Mimi nikija anaacha." Na kweli, alipoweka ndoo chini yule mnyama alisimama, akamtazama. Mhudumu akaondoka. Dakika moja tu, tukarudi kwenye gogo na jiwe.

Saa 8 tulikuwa bado tupo. Chakula hakikuja. Saa 8 na robo akalala, akaweka kidevu kwenye makucha, mvua inamnyeshea. Mtoto akahesabu vijiti sifuri, akaandika sifuri kubwa ukurasa mzima.

#54 Funguo Tatu

Umeona! Alikuwa anangoja saa 8. Ilipopita akakata tamaa akalala. Kesi imekwisha.

#55 Bibi Darubini

Haijaisha. Paka wote hulala mchana. Na saa 4 hadi saa 8 ni saa nne za kungoja chakula. Nani anangoja hivyo?

#56 Funguo Tatu

Hujawahi kufunga wewe.

#57 Nondo

Ndoo ilikuwa na harufu ya nani? Kama mhudumu ametoka kwa jike, alichokitazama ni ndoo, si mtu.

#58 Mlinzi wa Zamu

Miaka 9 mahali pengine. Mwenye uzi, ukirudi pima: kutoka gogo hadi jiwe ni hatua ngapi? Halafu uliza banda la zamani lilikuwa na upana gani.

#59 Nyuki wa Jioni

Watu wanne ni watu. Sijarudi nyuma.

#60 Mwenda Pole

Mtoto ana jambo moja ameliona ambalo mimi sikuliona. Anasema kwenye gogo anageukia upande wowote, mara huku mara kule. Kwenye jiwe anageukia kushoto kila mara. Mara zote 22. Amechora na mishale.

#61 Bibi Darubini

Huyo mtoto atunzwe. Sasa, kushoto kwa lile jiwe kuna nini?

#62 Kipanga Mzee

Ndilo swali nililouliza #24 mkacheka.

#63 Mwenda Pole

Sikuangalia wadau. Muda wote nilikuwa namwangalia yeye.

#64 Funguo Tatu

Jumamosi simama upande wako wa kioo, sawa na jiwe. Elekea anakoelekea yeye, halafu inama mpaka macho yako yalingane na yake. Ukiwa umesimama wima hutaona anachokiona.

#65 Sungura Mjanja

Ni geti. Rejea #2.